Utandawazi Ulisimama kwa Nani?

Katika insha za wanafunzi wetu tunasoma kwamba korona "ilisimamisha utandawazi". Kauli hiyo haituridhishi. Neno lenyewe, lenye kutandaa na uwazi ndani yake, hutufanya tudhani kila kitu huvuka mpaka kwa njia moja. Mwaka 2020 madereva wa malori walikwama Malaba, baina ya Kenya na Uganda, wakingoja vipimo katika foleni ya kilomita nyingi, na bidhaa zikachelewa. Lakini Machi mwaka huo huo, wawekezaji waliondoa zaidi ya dola bilioni 80 katika masoko ya nchi zinazoinukia, wala hawakupanga foleni popote! Mwandishi wa insha na ataje kinachovuka: mtu, bidhaa au mtaji.