Watoto wa Mwalimu Majisifu

Nilisoma Kidagaa Kimemwozea mara ya kwanza nikiwa sekondari, kwa sababu mtihani ulitaka. Mara ya pili ilikuwa chuoni, orofa ya pili, kwenye jengo ambalo lifti yake imebandikwa karatasi ya "Imeharibika" tangu niripoti. Kufika darasani nabebwa. Wasee wanne, kila mmoja na kona yake ya kiti changu: "Buda, jishike vizuri, tunapanda!" Nawashukuru. Kila wiki nawashukuru.

Siku hiyo tulikuwa tunamjadili Mwalimu Majisifu, anayeona haya kwa kuwa yeye na mkewe Dora wamezaa watoto wenye ulemavu. Darasa zima lilimshukia. Nami nilimshukia. Halafu nikatazama mlango, nikawaza mimi nitashukaje.

Ken Walibora hamtetei Majisifu, na hapo nampa heko. Aibu ile ameichora kama ugonjwa wa baba, si wa watoto. Lakini nina neno na riwaya yenyewe. Aibu ya baba tunaijua. Uchovu wa Dora tunaujua. Wema wa Imani anayewatunza tunaujua pia. Watoto je? Wao wamekuwa mtihani wa wakubwa: Majisifu anafeli, Imani anapita. Na kumbuka hii ni riwaya ambayo kosa jingine la Majisifu ni kuiba mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake. Kitabu kinachojua hivyo uchungu wa kunyang'anywa hadithi, mbona hakikukaa kidogo upande wa watoto wale?

Utaniambia si kila mhusika anaweza kuwa mhusika mkuu. Sawa. Ila mimi naishi ndani ya hadithi ya aina hiyo. Nikibebwa, wanaoonekana ni wanaobeba. Wanapigwa picha, wanaitwa makomredi wenye utu, na kweli wanao. Lakini kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 hakizungumzii utu wa wasee wanne. Kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na ya kufikia taasisi za elimu. Haki haina haja ya misuli ya mtu.

Basi nikainua mkono. Nikaomba darasa lihamishiwe chini, ambako kuna chumba hukaa wazi saa hiyo.

"Lakini si wenzako wanakusaidia vizuri?" mhadhiri akasema. Akawageukia wale wanne. "Ama mmechoka?"

Kimya. Kisha yule wa kona ya nyuma kushoto akakohoa. "Dok, mgongo unaniuma tangu wiki jana."

Watu wakacheka. Mhadhiri akaahidi kulifikiria, akamwambia apake dawa ya kuchua. Mimi hakuniuliza kitu.

Kisha tukarudi kwa Majisifu na ukatili wake.