Chui na Vyombo: Juu ya Uchoraji wa Tingatinga

Wafaransa huiita picha ya vyombo vilivyopangwa mezani maumbile yaliyokufa. Waingereza huona humo uhai uliotulia. Kiswahili hakina jina lake lililozoeleka, na Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza uchoraji wake Dar es Salaam mwaka 1968, hakuishughulikia sana aina hiyo. Mtungi na kinu si mada yake kuu. Mada yake ni mnyama.

Walakini yafaa itazamwe namna mnyama huyo anavyowekwa. Chui husimama ubavu kwa mtazamaji, mara nyingi peke yake, nyuma yake rangi tupu: amewekwa kama chombo rafuni. Wala vitu vya kila siku havikukosekana. Vimo katika kazi yenyewe, yaani ubao wa ujenzi na rangi ya baiskeli. Rangi hiyo yenye kung'aa hupendelea eneo pana na mpaka mkali kuliko kivuli chenye kufifia. Wanaousifu usahili wake kana kwamba ni utoto wameisahau rangi. Baada ya kifo chake mwaka 1972, wafuasi wake wengi waliujaza ule uwanja mtupu majani, ndege na umati wa watu. Picha zikapata masimulizi, zikapoteza utulivu.