Sentensi Ndefu ni ya Nani? Tasnifu na Ndoa katika The British Museum Is Falling Down

Adam Appleby ana watoto watatu, hofu ya mimba ya nne na tasnifu isiyokwisha. Mhusika huyu wa riwaya ya David Lodge ya mwaka 1965 hukumbukwa zaidi kama Mkatoliki wa London ambaye, kwa kutii mafundisho ya Kanisa, anapanga uzazi kwa kipimajoto na kalenda. Usomaji huo una msingi wa kihistoria. Riwaya ilitungwa Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukiendelea, waumini wengi wakitarajia sheria ilegezwe; waraka wa Humanae Vitae wa 1968 ukaishikilia.

Lakini usomaji huo unaipita mada ya tasnifu yenyewe. Adam anachunguza muundo wa sentensi ndefu katika riwaya tatu za kisasa za Kiingereza. Ni rahisi kuiona mada hii kuwa kejeli ya kupita dhidi ya usomi mkavu (na ni idara gani ya lugha isiyo na mada ya namna hiyo kabatini?), kumbe ndiyo inayobeba riwaya. Siku nzima Adam anahangaika ndani na nje ya maktaba ya Makumbusho ya Uingereza asiandike lolote la maana. Badala ya kuandika, anaandikwa: Lodge anamsimulia kwa parodia za waandishi kumi, wakiwemo Conrad, Woolf na Hemingway. Akienda kuhuisha kadi yake ya kusomea, urasimu unageuka ulimwengu wa Kafka. Mwigo huo ulifichika mno. Lodge alieleza baadaye kwamba wahakiki wachache tu waliutambua mwanzoni.

Sehemu ya mwisho inamwacha mume usingizini. Barbara, mkewe, asiyeandika tasnifu yoyote, ndiye anayepewa sentensi ndefu: mkondo wa mawazo unaoiga ule wa Molly Bloom katika Ulysses, ila pale Joyce alipoweka neno la kukubali, Lodge anaweka la shaka. Hapa ndipo riwaya inapopata uzito wake. Hapa pia ndipo udhaifu wake ulipo, kwani mwanamke aliyebeba mimba zote tatu anasubiri hadi kurasa za mwisho ili asikike, tena kwa sauti iliyoazimwa.

Kwa mfasiri wa Kiswahili, parodia nyingi zitapotea, maana zinadai msomaji mwenye riwaya za Kiingereza kichwani. Sentensi ya Barbara haitapotea. Viambishi -ki- na -ka- vinaweza kuunganisha kitenzi na kitenzi, wazo na wazo, kurasa kadhaa pasipo nukta.