Mji mupya, lakini uundwe na nani?



Kila tukikutana, iwe kwenye mkutano wa chama ao pembeni ya kiwanja cha mpira, mazungumzo yanarudi palepale: Butembo imejaa. Nyumba zimepanda vilima mpaka juu. Kuna kartie ambako mtu akifa, jeneza linabebwa mabegani mpaka kwenye njia kubwa, sababu gari haiwezi kuingia. Na watu bado wanafika: waliokimbia mauaji ya ADF upande wa Beni, waliokimbia vita ya M23 kusini mwa Lubero. Basi mmoja wetu anasema: «Tutafute eneo nje ya mji, tujenge mji mupya. Iundwe ofisi ya kuusimamia.» Wote tunaitikia kwa kichwa.

Mimi pia niliitikia. Leo nataka kukosoa. Wazo la mji mupya silipingi. Napinga ile sentensi ya pili, sababu neno «iundwe» linamficha mtu. Iundwe na nani? Na ikikosea, nani ataivunja?

Tuanze na sifa yetu. Watu wa Butembo tunajulikana kwa kujitegemea. Mji ulianza na kampuni ya madini wakati wa ukoloni, ukakua kwa biashara. Wakati Zaire inaanguka na vita inafuata, wafanyabiashara, makanisa na salongo njo walishikilia barabara, shule na hospitali. Kwa miaka na miaka umeme ulikuwa jenereta ya kila mtu na mafuta yake. Tunajivunia hayo, na ni haki yetu.

Lakini tuangalie vizuri tulichojenga: maduka, magorofa, makanisa, shule. Vyote ni vitu ambavyo vina mwenyewe. Kitu ambacho mfanyabiashara hawezi kutujengea ni nafasi tupu: upana wa barabara unaoachwa kabla nyumba ya kwanza haijasimama, njia ya maji ya mvua, kiwanja cha shule ya watoto ambao bado hawajazaliwa. Nafasi tupu haiko na mwenyewe wa kuilinda, kwa hiyo inauzwa. Kulinda nafasi tupu ni kazi ya serikali ya mji, na hapo njo tulikosa.

«Ndiyo maana tunataka ofisi maalum,» utasema. Sawa. Tuvuke mpaka, tuangalie wenzetu wa Tanzania, maana wao walijaribu.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma. Mwaka uleule ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile waliyoiita CDA. Ilipewa ardhi, ramani na uwezo wa kugawa viwanja. Pembeni yake kulikuwa manispaa yenye madiwani. Kwa hiyo mji mmoja ukawa na wakubwa wawili: mmoja anachaguliwa na watu, mwingine anashika ardhi. Aliyepata kiwanja cha CDA alipewa hati ya miaka 33, wakati sehemu nyingine za nchi hati ya miaka 99 ilikuwa jambo la kawaida. Malalamiko yakarundikana. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA, akaamuru kazi zake, mali zake na watumishi wake vyote viende kwa manispaa.

Hesabu: miaka 44. Tuwe wenye haki, CDA haikuwa bure. Ilipanga mji na kupima viwanja, kazi ambayo sisi hatujaifanya. Lakini miaka ile yote mkaaji wa Dodoma aliishi chini ya mwenye nyumba ambaye hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Na mwishoni aliyemwondoa ni Rais, kwa amri kutoka juu, jinsi alivyowekwa.

Sasa turudi kwetu. Dodoma ilikuwa angalau na madiwani wa kulalamikia. Sisi tuko na nani? Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya entité za chini inasema vizuri kabisa: wananchi wanachagua baraza la komine, mabaraza ya komine yanachagua baraza la mji, na baraza la mji linachagua meya. Butembo ilipewa cheo cha mji mwaka 2003, iko na komine 4: Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba. Hata moja haijawahi kuwa na baraza lililochaguliwa. Desemba 2023 kura ya komine ilifanyika katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Na tangu 6 Mei 2021, utawala wa kijeshi ulipoanza, mji unaongozwa na afisa wa polisi. Anaweza kuwa mtu mwema sana. Lakini hatukumuweka, na hatuwezi kumuuliza hesabu.

Ofisi ikiundwa leo, itazaliwa kwa sahihi ya mkubwa fulani wa juu, na huku chini hakuna mtu mwenye haki ya kuifungulia vitabu.

Kuna jambo lingine ambalo tunalipita haraka. Eneo tunalolitamani liko nje ya mji, kwenye sheferi za Bashu na Baswagha. Kwa sheria ileile ya 2008, sheferi nayo ni entité kamili sawa na mji. Kule kuna wakulima, na kuna familia zinazojua nani alitoa muhako kwa mwami na kwa shamba gani. Ofisi itakuja na sheria ya ardhi ya 1973: udongo ni mali ya serikali. Mkulima atajibu: hapa alilima babu yangu. Kila mmoja atakuwa anasema ukweli anaoujua. Nani atakaa katikati yao? Mpimaji na mashine yake hawezi. Anahitajika mtu aliyetumwa na watu.

Najua jibu lenu: «Hiyo kura tutaiona lini? Tungoje mpaka wajukuu?» Swali ni la haki. Mimi nakumbuka 30 Desemba 2018, Beni na Butembo tuliponyimwa kura ya urais kwa sababu ya Ebola na usalama. Beni watu walipanga mstari, wakapiga kura yao wenyewe ya mfano. Watu wa namna hiyo hawawezi kuambiwa kwamba baraza ni jambo la wasomi.

Wakati tunadai kura, kazi iko. Kiwekwe kikosi cha kutayarisha tu. Kipime, kichore ramani, kiandike majina ya wanaolima, kibandike orodha kwenye komine na kwa mwami, kila mtu asome. Wenzetu wa IBTP wanajua kupima, waliosoma sheria UCG wanajua kuandika. Lakini kikosi hicho kisiwe na haki ya kuuza hata parseli moja. Kuuza kungoje baraza. Na baraza likifika, lenyewe njo lipige kura kuiunda ofisi, lisome bajeti yake kila mwaka, liipe sheferi viti, na liwe na uwezo wa kuifunga.

Mwisho, tujikosoe na sisi. Ofisi mupya inatupendeza kwa sababu tunaona ndani yake meza, kiti na mshahara. Diploma ziko nyumbani, kazi haiko. Naelewa, mimi pia natafuta. Lakini mshahara unaotoka kwenye ardhi ya mtu asiyeulizwa, siku moja utadaiwa, na atakayedaiwa ni yule kijana anayekaa dirishani kupokea watu.

Kwa hiyo siku rafiki yako atakaposema tena «iundwe», mwulize polepole: na nani? Na tukikosewa, tutaenda kulia kwa nani?