Kupogoa Safari

Mzabibu wa Dodoma hauijui theluji. Ulaya mmea huu hupukutisha majani, hulala miezi yote ya baridi, kisha huamka wenyewe jua likirudi. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Anayeulaza ni mkulima, kwa mkasi: hukata matawi ya msimu uliopita, huacha vikonyo vyenye macho machache, na kwenye macho hayo ndipo yanapochomoza machipukizi na vishada vipya. Miezi minne hivi baada ya mkasi, zabibu ziko tayari. Na kwa kuwa tarehe ya kukata ameishika mwenyewe, mkulima wa huko huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba.

Anayetaka kupanga safari ya gari kwenda kuziona zabibu hizo aanze na mkasi huo, ramani itafuata. Kupanga safari ni ufundi usiosifiwa. Dereva husifiwa, gari husifiwa, mpishi wa mbuzi wa njiani husifiwa kwa kelele. Aliyekaa wiki mbili na daftari, akiandika na kufuta, hakumbukwi ila siku mambo yanapoharibika. Na kazi yake kubwa ni ile ya kufuta. Daftari la mpangaji mchanga hufanana na mzabibu ulioachwa: majani tele, hifadhi ya Mikumi imo, maporomoko yamo, viwanda vitatu vya mvinyo kwa siku moja vimo, na kishada hakionekani.

Tawi la kwanza la kukata ni msimu. Mavuno ya Agosti yanakuja kiangazi. Anga ni kavu, ukungu wa majani haupati nafasi, sukari inajikusanya kwenye tunda, na barabara za vumbi za kuingia mashambani zinapitika kwa gari dogo. Lakini nchi nzima ina rangi ya ngozi ya simba, na mibuyu imesimama uchi. Machi nchi ni kijani hadi macho yanachoka, ila mvua inasumbua tunda na inamsumbua msafiri pia. Machi 2020 mafuriko yalikata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma kwenye daraja la Kiyegeya, karibu na Gairo, na malori na mabasi yakajipanga pande zote mbili. Mpangaji anayetaka vyote viwili, ukijani wa Machi na utamu wa Agosti, hajashika mkasi bado.

Wazo lenyewe la kuunganisha viwanda vya mvinyo kwa barabara moja halikutoka kwa watu waliotaka kustarehe. Lilitoka kwenye mvinyo uliododa. Mwaka 1935, katika eneo la Pfalz nchini Ujerumani, ilifunguliwa barabara ya mvinyo ya kilomita 85, kutoka Schweigen mpakani mwa Ufaransa hadi Bockenheim. Mavuno ya mwaka huo na wa kabla yake yalikuwa makubwa, na utawala wa Wanazi ulikuwa umewafukuza sokoni wafanyabiashara Wayahudi ambao walikuwa wakiuza sehemu kubwa ya mvinyo wa huko. Mapipa yamejaa, wauzaji wamefukuzwa; basi wakaamua kumleta mnywaji hadi kwenye pipa. Ni mwanzo wenye doa, na vijitabu vya utalii havipendi kuusimulia. Ufaransa ilifuata mwaka 1953 na barabara ya Alsace, kilomita 170 chini ya vilima vya Vosges. Afrika Kusini ikapata ya kwanza mwaka 1971, wenye mashamba ya Simonsig, Spier na Delheim walipoungana kuanzisha ile ya Stellenbosch.

Kwenye barabara hizo mpangaji keshafanyiwa nusu ya kazi. Vibao vimesimikwa, milango iko wazi, glasi zimepangwa mezani, na pengine hata jibini inamsubiri mgeni. Dodoma hali ni nyingine. Viwanda vingi viliwekwa kwa ajili ya kukamua na kufungasha, na mgeni anayetokea getini bila taarifa atakutana na mlinzi mwenye heshima zake zote na jibu fupi. Ni lazima kupiga simu siku kadhaa kabla, kutaja idadi ya watu, kuuliza kama mashine zitakuwa zinafanya kazi siku hiyo. Kwa maneno mengine, barabara ya mvinyo ya Dodoma inatungwa upya na kila anayeipanga. Ndiyo maana ufundi unaonekana zaidi hapa kuliko Alsace.

Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam, kwa muda unaokaribia nusu ya ule wa gari. Hili limemrahisishia mpangaji jambo moja: anayetaka kufika tu, apande treni. Aliyechagua barabara, kilomita 450 hivi, amechagua njia yenyewe, na hana kisingizio cha kukimbia. Hata akitaka kukimbia, kila kijiji kina kibao cha 50 na kila kibao kina uwezekano wa askari mwenye tochi chini ya mwarobaini. Saa saba au nane za barabarani ni hesabu ya mtu mkweli.

Basi aondoke saa ngapi? Hapa mpangaji mzuri hutazama jua kabla ya kutazama foleni. Barabara inakwenda magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwa dereva, linamulika kila kitu kilicho mbele yake. Alasiri linamshukia usoni, na lori lisilo na taa nyuma linageuka kivuli. Akitoka saa kumi na moja alfajiri anaipita Kibaha kabla msululu wa malori haujaamka vizuri, anaukuta mzani wa Vigwaza bado una nafuu, na baada ya Chalinze milima ya Uluguru inaanza kujitokeza upande wa kushoto ikiwa bado imejifunika ukungu. Saa mbili baadaye ukungu huo umekwisha na milima ni milima tu. Hakuna ada inayolipwa kwa mandhari hiyo. Inalipwa kwa kuamka.

Morogoro ni chai na chapati, na kukagua upepo wa matairi. Kisha Dumila, kisha mlima wa kuelekea Gairo ambako hewa inabadilika ghafla na watu wanavaa masweta. Kibaigwa ina soko kubwa la mahindi, magunia juu ya magunia. Na kuna mtego mmoja kwa wanaotegemea simu: kwenye barabara hii moja kuna Chalinze mbili. Ile ya Pwani inajulikana na kila mtu. Nyingine, Chalinze Nyama, iko wilayani Chamwino, karibu na mwisho wa safari. Anayepanga kukutana na wenzake “pale Chalinze” aseme ni ipi.

Kabla ya hapo, pale Mbande, kuna njia panda ya kwenda Kongwa, na kila mpangaji wa chochote angepaswa kusimamisha gari hapo dakika tano. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma watu watatu Afrika Mashariki kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa kwa wingi ili kupunguza uhaba wa mafuta ya kula huko kwao. Walitumia wiki tisa, sehemu kubwa wakiitazama ardhi kutoka kwenye ndege. Ripoti yao ilipendekeza zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na Kongwa ikawa kituo cha kwanza. Kutoka angani udongo ule ulionekana udongo tu. Walipofika chini waligundua kwamba kiangazi unakauka na kuwa kama saruji, karanga hazing’oki. Mvua haikutii ratiba. Mibuyu ilizishinda mashine. Januari 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea. Wagogo waliokuwa wakiishi hapo na ng’ombe na uwele wao walijua yote hayo, ila wiki tisa za angani hazikuwa na nafasi ya kuwauliza.

Leo mtu anaweza kupanga safari nzima kwa kidole juu ya kioo cha simu, naye pia yuko angani. Simu moja kwa mwenyeji, kuuliza tu kama njia ya mashamba ya Hombolo inapitika wiki hii, inamshusha chini.

Dodoma yenyewe iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, inapata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Jua kali mchana, ubaridi usiku: mzabibu unapenda hivyo. Waliouleta ni wamisionari Wakatoliki, na Bihawana, kusini magharibi mwa mji kwenye barabara ya Iringa, ndiko kunakotajwa zaidi historia hiyo inaposimuliwa. Walihitaji divai ya misa. Maneno nayo yana safari zake. Mvinyo limetoka kwa Wareno. Zabibu limetoka Kiarabu, ambako asili yake ni tunda lililokaushwa. Labda ndiyo kusema watu wa pwani walilizoea likiwa ndani ya gunia, limekunjamana, muda mrefu kabla ya kuliona likining’inia shambani.

Kaskazini mwa mji, kwenye barabara ya Arusha, iko Makutupora, yenye kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali, na jina la mahali hapo limekuwa jina la aina ya zabibu nyekundu inayolimwa na wakulima wengi wadogo. Kaskazini mashariki iko Hombolo, penye bwawa na mashamba, na kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO, ambako Makutupora nyekundu ina majirani kama Chenin Blanc na Syrah. Makutupora, Hombolo na Bihawana haziko kwenye mstari mmoja. Mpangaji mwenye pupa huzizungukia zote kwa siku moja, akirudi mjini mara mbili katikati. Fundi huchukua Hombolo peke yake siku ya pili, na moja ya zile nyingine mbili huiweka njiani mwa kule atakakoelekea kesho yake.

Hombolo wakati wa mavuno ina shughuli inayotosha siku nzima. Vishada vinakatwa mapema kabla jua halijavichemsha, vinapangwa kwenye kreti, na kila anayebeba ana haraka, kwa sababu zabibu iliyokatwa haisubiri mtu. Kinachokamuliwa wakulima hukiita mchuzi wa zabibu, jina linalomchekesha mgeni hadi anapouona: mzito, wenye rangi, unaopovuka kama kitu kilicho jikoni. Mwenye kiwanda au mwenye tangi la kuhifadhi mchuzi analala usingizi. Asiye na mnunuzi huutazama mzigo ukioza, na hapo Hombolo na Pfalz ya mwaka 1935 zinasogeleana kuliko ramani inavyoonyesha. Mgeni anayenunua chupa sita getini hamalizi tatizo hilo, lakini amelipa moja kwa moja kwa mwenye mali.

Kuonja kuwe saa nne au saa tano asubuhi, ulimi ukiwa bado haujachoshwa na pilipili ya mchana. Nyeupe kabla ya nyekundu, kavu kabla ya tamu, na Dompo, ambayo utamu wake unajulikana katika kila baa ya nchi, iwe ya mwisho kabisa. Ikitangulia, kila kitakachofuata kitaonekana siki. Kutema si utovu wa adabu, ndivyo wanavyofanya wenye kazi hiyo. Dereva ateuliwe Dar es Salaam, si Hombolo, na apewe kitu cha maana badala ya kuachwa akihesabu mbuzi: kishada cha zabibu za mezani, na haki ya kuchagua muziki. Wasiotumia kilevi wana nafasi yao pia katika safari hii, maana shamba, mashine na tunda lenyewe ni hadithi kamili bila ya glasi.

Siku ya tatu ndiyo inayompima mpangaji. Kusini, kwa barabara ya Iringa, kuna Bihawana, mibuyu isiyo na idadi na bwawa la Mtera. Kaskazini, kwa lami ya Babati, kuna Makutupora, kisha Kondoa, na baada yake Kolo, ambako michoro myekundu ya watu warefu na wanyama imekaa chini ya majabali. UNESCO iliiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa huko mwaka 1951 akiinakili kwa mkono, mstari kwa mstari, kazi iliyokuja kuwa kitabu mwaka 1983. Kwenda Kolo ni kilomita 180 hivi, na huko kuna mlima wa kupanda kwa miguu pamoja na mwongozaji, huku watu wa Kondoa wakiendelea kutumia baadhi ya mapango kwa matambiko yao. Haiwezekani kuifanya kwa nusu siku. Mtera na Kolo zote ni matawi mazuri, na moja lazima likatwe. Mwandishi wa makala haya angekata Mtera, akijua kwamba wapenzi wa samaki watamlaumu.

Safari ya kurudi ina hesabu yake. Sasa barabara inakwenda mashariki, na jua la asubuhi ndilo linalompiga dereva usoni, kwa hiyo hakuna alfajiri. Chai inywewe taratibu, gari liondoke saa tatu au saa nne. Joto la buti la gari lililoegeshwa linaivisha mvinyo na kusukuma kizibo nje, hivyo chupa zinalazwa ndani ya kasha la barafu, chini ya miguu ya abiria. Zabibu za mezani zinanunuliwa mwisho kabisa, pale wauzaji wanapozipanga kando ya barabara, na boksi linapewa kiti cha nyuma katikati ya watu wawili, mbali na dirisha lenye jua. Gari likifika Gairo, mkono wa kwanza umeshaingia ndani ya boksi. Likifika Morogoro, mtu anauliza kama za nyumbani zitabaki, na dereva, aliyekaa siku nne bila kuonja chochote, anaomba kishada kikubwa kuliko vyote.