Heshima, Wajibu na Mauaji ya Kisiasa katika Babylon 5: Mkono wa Vir Cotto

Makala haya yanachunguza jinsi mauaji ya kisiasa yalivyosawiriwa katika Babylon 5, tamthilia ya runinga ya Kimarekani iliyobuniwa na J. Michael Straczynski na kuonyeshwa kati ya mwaka 1993 na 1998. Huenda mwalimu akauliza kwa nini tuhangaike na bunilizi ya kisayansi ilhali vitabu teule havijakwisha kusomwa. Jibu ni kwamba swali analokumbana nalo mtahiniwa kila mara, yaani iwapo mhusika fulani ni mzalendo au ni msaliti, limeulizwa humu kwa uzito usio wa kawaida. Vyombo vya angani ni mandhari tu. Kiini chake ni ikulu, kiti na damu.

Mhusika wetu ni Londo Mollari, balozi wa dola ya Wacentauri, dola iliyochakaa inayoota fahari yake ya kale. Katika kipindi kiitwacho The Coming of Shadows (1995), Mfalme Turhan, aliyetaka kuwaomba radhi Wanarn kwa dhuluma walizotendewa, yumo kufani. Anamnong'oneza Londo kwamba yeye na mshirika wake Refa wamelaanika. Londo anawageukia waliohudhuria na kutangaza kinyume chake, eti mfalme ameibariki njia yao. Kutokana na uongo huo na hila za Refa, kiti kinamwendea Cartagia, mpwa wa mfalme. Msomaji akiupuuza uongo huu hataelewa yanayofuata: atakayekula njama ya kumwangamiza dhalimu ndiye aliyemfungulia mlango.

Kabla ya hapo Londo amekwisha kuua, au kuuesha, mara mbili. Anamuua rafiki yake Urza Jaddo katika pigano la upanga. Urza, aliyesingiziwa uhaini, anajiachilia auawe kwa kuwa mila inamtaka mshindi aitwae jamaa ya aliyeshindwa na kuilinda. Haya ni mauaji ya heshima, na kinaya chake ni kwamba anayehifadhi heshima ni yule anayekufa. Baadaye Londo anapanga Refa auawe na Wanarn, akilipiza kifo cha mpenzi wake Adira. Hiki ni kisasi, tena kisasi kilichokosea njia, kwani muuaji wa Adira hakuwa Refa.

Tunapofika kwa Cartagia, basi, neno wajibu linatoka kinywani mwa mtu ambaye tayari ameyachafua maneno mengine yote. Hata hivyo hoja yake ina nguvu. Cartagia ameweka vichwa vya mawaziri wake mezani na huzungumza navyo. Amewaruhusu Vivuli kuweka vyombo vyao katika sayari yake, akiamini kwamba sayari hiyo ikiteketea yeye atageuka mungu. Londo anafanya mapatano na G'Kar, Mnarn aliye mateka na adui yake wa miaka mingi: G'Kar azue vurugu siku ya hukumu yake, Londo atumie vurugu hizo kumuua mfalme, na Wanarn waachiliwe huru. G'Kar anagharamika. Anachapwa mijeledi, anang'olewa jicho. Ni vigumu kupata mfano bora wa usambamba: adui anatimiza ahadi kwa mwili wake, naye mwenye nchi anaitimiza kwa maneno.

Katika The Long Night (1997) mpango unavurugika. Cartagia anambana Londo kwa hasira na sindano yenye sumu inamponyoka. Anayeiokota na kumchoma mfalme ni Vir Cotto, msaidizi mpole wa Londo, mtu aliyewahi kughushi hati ili kuwaokoa Wanarn. Je, hii ni sadfa tu? Wapo watakaosema hivyo na kuihesabu kuwa dosari. Mimi naona ndipo tamthilia inaposema ukweli. Wajibu aliouapia mkubwa unatekelezwa na mdogo ambaye hakuuapia.

Sindano hii itamkumbusha mwanafunzi wetu sindano ya shaba iliyomuua Fumo Liyongo. Sidai kwamba mwandishi aliisikia hadithi hiyo. Lakini tofauti inafaa kujadiliwa darasani: mwana wa Liyongo aliahidiwa mke; Vir hakuahidiwa chochote. Yule anaua kwa tamaa, huyu kwa hofu na huruma. Jamii inaweza kumlaani wa kwanza bila kusita. Huyu wa pili atahukumiwaje? Mwandishi hampi tuzo wala adhabu, anampa pombe. Vir analewa, analia, anasema alitaka tu kuwa mtu mwema. Londo anamfariji kwa kukiri kwamba moyo kama huo yeye aliupoteza zamani. Uigizaji wa Stephen Furst hapa, kwa mtu aliyezoeleka kwa vichekesho, ni wa hali ya juu.

Dosari ninayoiona ni nyingine. Cartagia ni mwendawazimu mno. Mfalme wa aina hiyo hurahisisha mambo, kwani nani atamtetea? Swali gumu lingekuwa la mtawala mwenye akili timamu anayeiangamiza nchi taratibu, akishangiliwa. Tamthilia inaligusa swali hili kwa mbali kupitia G'Kar. Wanarn waliokombolewa wanataka kumtawaza palepale, naye anakataa, akisema kwamba hakuteseka ili dikteta mmoja aondoke na mwingine akalie nafasi yake.

Londo hakatai. Cartagia akiwa maiti, Londo anawashawishi wakuu waondoe majeshi Narn, na anapewa cheo cha waziri mkuu. Mkono ulioua hautajwi. Ni mara ya pili anasimama mbele ya watu kuutangaza msiba wa mfalme, na ni mara ya pili watu hawaambiwi yaliyotukia chumbani.