Jinsia katika Majina ya Jamaa: Kiingereza cha Sheria na Iweto wa Ukambani

Imezoeleka kufundishwa kwamba Kiingereza kina jinsia na Kiswahili hakina. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na kasoro yake hudhihirika mahali kama Kathiani, katika Kaunti ya Machakos, ambako jina la jamaa laweza kuamua ni nani atakayerithi shamba.

Katika Kiingereza jinsia haimo katika upatanisho wa kisarufi: “my” ni ile ile kwa “uncle” na kwa “aunt”. Imo ndani ya maana ya neno, kisha hujitokeza katika kiwakilishi, “he” au “she”. Kiswahili nacho huitia jinsia ndani ya maneno kama mjomba na shangazi, na zaidi ya hayo hubainisha upande wa mama na wa baba. Lakini “yeye” na kiambishi “a-” havibagui mume na mke.

Tofauti hii hupimwa vyema na iweto. Kwa desturi ya Wakamba, mwanamke asiyejaliwa mtoto aweza kutoa mahari na kuoa mwanamke mwenziwe, iweto, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Wataalamu wa elimu ya jamii wamemwita huyo aliyeoa “female husband”, jina ambalo nusu yake yaikanusha nusu ya pili.

Sheria ya Kenya kuhusu tafsiri ya sheria, Sura ya 2, huiruhusu jinsia ya kiume kujumuisha ya kike. Kanuni hiyo yatosha kwa “he”, ambayo jinsia yake ni ya kisarufi. Haitoshi kwa “husband”, ambalo jinsia yake ndiyo maana yenyewe. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua ndoa ya namna hii ya Wanandi katika shauri la mirathi. Ilitegemea mila, wala si nomino. Sheria ya Ndoa ya 2014 ikasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Neno “spouse”, ambalo halina jinsia, huliondoa tatizo moja na kuleta jingine: halielezi nani alioa na nani aliolewa.

Kiswahili chaweza kunaswa katika mtego huo huo kikishikilia “mume” na “mke”. Mfasiri akimwita iweto “mke” tu, swali litakalofuata ni mumewe yu wapi. Hata hivyo kitenzi chatoa njia. “Aliyeoa” na “aliyeolewa” hutaja nafasi ya kila mmoja katika ndoa. Mazoea ndiyo yampayo mwanamume nafasi ya kwanza. Sarufi haikatazi kusema “mwanamke aliyeoa”.

Basi yampasa mfasiri wa sheria, kabla ya kutafuta neno lililo sawa na neno, aulize kwanza jinsia imekaa wapi. Asipouliza, watoto wa nyumba ya iweto watajikuta hawana jina katika hati inayogawa ardhi yao.